Kengele ya Alute

Watu wa Kilima cha Fisi, huko nyuma ya Issuna, hawakimbii ovyo. Mtoto atakimbia, mbuzi atakimbia, lakini mtu mzima mwenye nyumba yake akionekana anakimbia, basi kuna jambo: ng'ombe wameibwa, au nyumba inaungua, au mwanamke kakwama kwenye uchungu na wakunga wameshindwa. Hapo hakuna kuuliza. Unaacha kazi ilipo, unachukua jembe au fimbo, unamfuata. Na ukishainuka unanyoosha mkono juu, ili mkimbiaji ajue kwamba ameonekana. Yeye akiuona mkono haendi mbele tena. Anageuka papo hapo na kurudi mbio kule kwenye shida, awaonyeshe njia. Ndivyo walivyolelewa tangu enzi za mababu. Aliyeona mtu anakimbia akabaki ameketi alitozwa beberu, na hata alipofiwa yeye mwenyewe watu walikwenda kwake kwa kujivuta.

Sasa fikiria balaa la kuzaliwa na miguu ya Alute mahali kama hapo.

Utotoni hakuna aliyemjali, maana mchunga ng'ombe asipokuwa na mbio atachunga nini? Shida ilianza alipokuwa mtu mzima, ana mke, ana mtoto wa kike anaitwa Klara, na bado miguu inamwasha. Mwaka wa sabini na tano, kwenye michezo ya Saba Saba, alivua viatu vya matairi akaviweka pembeni, akaingia kwenye mbio ndefu bila kujiandikisha. Akawaacha wenzake mbali hata ikabidi asubiriwe mwamuzi, aliyekuwa bado anakunywa chai. Bwana michezo mmoja kutoka Singida mjini, jina lake Idrissa, mtu mnene mwenye filimbi shingoni, akamfuata.

"Ndugu, unafanya kazi wapi?"

"Nalima."

"Kulima utalima mpaka lini? Mwakani mwezi wa sita kuna mbio za milimani za mkoa. Zinaanzia Mwankoko, zinapanda vilima, zinaishia uwanjani. Wa kwanza anakwenda kambini, na akitoka kambini haji kulima tena. Jeshi linamtaka, magereza wanamtaka. Atapata mshahara na nyumba ya bati."

Katika maneno yote hayo Alute alishika moja tu, bati. Mwaka mmoja kabla ya hapo, wakati wa operesheni ya vijiji vya ujamaa, yeye na mkewe Kristina walikuwa wamehamishwa chini ya kilima na kupelekwa kijiji kipya, maili tatu tambarare. Nyuma waliacha tembe zuri, la boriti nene na paa la udongo, nyumba ambayo Kristina aliisiliba kwa mikono yake hata ukuta ukang'aa. Kijijini walipewa kiwanja chenye kigingi na namba. Wakajenga kibanda cha nyasi, na kila mvua iliponyesha Kristina alimkumbatia Klara, akahamia pembe moja, akahamia ya pili, akahamia ya tatu, akarudi ya kwanza. Hakulalamika. Alikuwa mwanamke wa kucheka upesi, mfupi, mwenye mwanya, na akishindwa na jambo hulitania. Lakini Alute alimwona, na ilimuuma sana. Usiku ule aliporudi kutoka Saba Saba alimwambia, "Mama Klara, nitakujengea nyumba ya bati kwa miguu hii." Kristina akaitazama miguu yenyewe, imepasuka visigino, akasema, "Basi ioshe kwanza."

Kukimbia kunataka mazoezi, na mazoezi yanataka muda. Muda huo Alute angeutoa wapi? Asubuhi watu wote walikuwa kwenye shamba la kijiji, majina yakiitwa, na mwenyekiti Mazengo hakuwa mtu wa mchezo. Ukikosa bila sababu, jioni utaitwa mbele ya mkutano ujieleze. Mchana ulikuwa wa shamba lako mwenyewe, kabla ndege hawajamaliza uwele. Saa pekee ambazo hazikuwa za mtu ni zile za mvua kubwa. Mvua ilipochacha kazi ilisimama, wanaume wakajibanza kwenye banda la shamba, wanawake wakarudi nyumbani, na hapo ndipo Alute alipopata uhuru wake. Kwa hiyo alifanya mazoezi wakati ambao hata mbwa hatoki nje. Idrissa alipopata habari hiyo alifurahi mno. Alisema huko kwenye mashindano ya taifa kuna baridi na utelezi, na asiyezoea matope atatafutwa na wenzake kwa tochi.

Njia yake ilikuwa moja. Kutoka banda la shamba alikimbia maili moja na nusu hadi kwenye mahame, kule yalikobaki matembe yao ya zamani, kisha akapanda Kilima cha Fisi mpaka kwenye majabali ya juu na kushuka, akapanda na kushuka, mara kumi.

Siku ya kwanza alipochomoka bandani mvua ikimpiga usoni, wanaume ishirini na wawili walisimama kwa pamoja, wakashika majembe, wakamfuata hadi mahame. Walipogundua kwamba anapanda kilima na kushuka bure walimtukana hadi wakachoka. Siku ya pili walimfuata tena, maana damu haikubali kuketi mtu akikimbia. Siku ya tatu mzee Mughwai, jirani yake wa tangu zamani, mwenye goti bovu, aliteleza kwenye tope la mbugani akalala pale mpaka alipookotwa. Jioni mkutano ukaitishwa.

Mazengo alisema michezo ni kujenga taifa, na kwamba watu watazoea tu. Hapo Mughwai akaomba kusema, akaegemea fimbo yake.

"Mwenyekiti, hilo la kuzoea ndilo naliogopa. Huyu akitufundisha kuketi wakati mtu anakimbia, siku moja tutaketi kweli. Mtu hawezi kuwa na masikio mawili, moja la mchezo na moja la msiba."

"Sasa mzee unataka tumkataze?"

"Sijasema hivyo. Nataka tumjue."

Akatoa ndani ya koti lake kengele ya ng'ombe, ya shaba, kubwa, aliyokuwa akimvisha dume lake la mbele kabla halijafa mwaka ule wa kuhama. Akasema Alute afungwe hiyo kiunoni. Akikimbia na kengele, ni mazoezi, kila mtu aendelee na lake. Akikimbia bila kengele, ni shida, na atakayeketi atajua mwenyewe. Watu walicheka sana, wengine wakalia kama ng'ombe, lakini neno lilikuwa la busara na wote walilikubali. Katibu akaliandika kwenye daftari la kijiji. Alute aliona aibu ya kufungwa kengele kama maksai, lakini alikuwa amepata anachokitaka.

Kuanzia siku hiyo Kristina ndiye aliyemfunga. Kamba ilikuwa ya katani, na fundo lilikaa mgongoni ambako mkono wa Alute mwenyewe haukufika vizuri. Kristina alikaza, akampiga kofi kiunoni, akasema, "Haya maksai wangu, nenda." Kisha akamwacha Klara kwa bibi yake, akajifunika gunia kichwani, akamfuata nyuma kwa mwendo wake hadi mahame. Huko alisimama chini ya ukingo wa tembe lao la zamani na kumhesabia. Kila Alute aliposhuka kilima, Kristina aliweka jiwe moja juu ya jabali. Alisema asipohesabiwa ataiba, kwa kuwa wanaume wote ni wezi wa hesabu. Lakini ukweli ni kwamba alipenda kuwa pale, karibu na nyumba yake. Wakati mwingine Alute aliposhuka alimkuta anaupapasa ukuta.

Kwa wiki za kwanza kengele ilimkera. Iligonga mfupa wa nyonga, ilimchubua ngozi, ilimpigia kelele masikioni. Kisha ngozi ikaota sugu na masikio yakachoka. Kufikia mwezi wa pili alikuwa haisikii tena, kama vile mtu asivyosikia pumzi yake. Kijijini nako watu walizoea. Mvua ilinyesha, kengele ikapita, na mtu bandani akasema bila kugeuza shingo, "Alute huyo."

Ikaja Ijumaa moja ya mwezi wa tatu, mwaka wa sabini na sita. Mvua ya siku ile ilitoka upande wa Manyoni ikiwa nyeusi, na haikuanza kwa matone. Ilianza kwa upepo uliong'oa mtama, ikafuata mvua ya mawe, kisha maji tu, yanamwagika bila kupumzika. Wanaume wakakimbilia bandani. Zefania, kaka yake Kristina, rafiki mkubwa wa Alute, akamwambia, "Shemeji, leo hata kengele yako itazama." Wakacheka. Mashindano yalikuwa yamebakiza miezi mitatu, naye Alute akafungwa kengele yake.

Mara nane alipanda kilima siku hiyo, na mara nane akashuka. Njia ilikuwa imegeuka mfereji. Aliposhuka mara ya nane, Kristina alikuwa ametota hadi kwenye mifupa na midomo imekuwa ya kijivu.

"Baba Klara, inatosha. Twende nyumbani."

"Zimebaki mbili."

"Zitakuwepo kesho."

"Mbili tu, Mama Klara. Ingia ndani ujikinge, nakuja sasa hivi."

Maneno hayo alikuja kuyarudia moyoni kwa miaka yote iliyobaki ya maisha yake. Kristina aliguna, akaweka jiwe la nane, akainama akaingia ndani ya tembe.

Mtu yeyote aliyelelewa ndani ya tembe anajua kwamba paa la udongo halitaki kuachwa. Mvua ikinyesha, mwenye nyumba hupanda juu, huziba nyufa kwa udongo na majivu, huchonga vijia vya maji. Paa lile lilikuwa halijaguswa kwa misimu miwili ya mvua. Nyasi zilikuwa zimeota juu yake, mchwa walikuwa wamekula nguzo kwa ndani, na udongo ulikuwa umekunywa maji tangu asubuhi. Alute alijua yote hayo. Siku hiyo alikuwa anafikiria bati.

Alikuwa nusu ya kilima, akipanda mara ya tisa, aliposikia kishindo kizito nyuma yake, kifupi, kama gunia la nafaka lililotupwa chini. Akageuka. Mahali pa tembe palikuwa na kichuguu cha tope.

Hakukumbuka alivyoshuka. Alimkuta Kristina kwa sauti. Alikuwa amelala kifudifudi karibu na mlango, boriti ya katikati imemlalia kiunoni, na juu ya boriti udongo wote wa paa. Kichwa na mkono mmoja vilikuwa wazi. Alute alishika boriti akainua mpaka mishipa ya shingo ikasimama, na boriti haikutingishika. Akachimba kwa mikono, tope likarudi. Na baya zaidi, sakafu ya tembe lile ilikuwa chini kuliko uwanja wa nje, kama yalivyo matembe mengi, na maji ya kilima yalikuwa yameanza kuingia mlangoni. Yalikuwa yamefika kifuani pake.

"Usinivute," Kristina alisema. "Miguu siisikii. Kaite watu."

Alute akasogeza jiwe la kusagia lililobaki pale tangu wahame, akakunjia juu yake kitambaa alichokuwa Kristina amemletea cha kujifutia, akamwekea chini ya kidevu ili uso uwe juu. Kisha akakimbia.

Tangu azaliwe hakuwahi kukimbia namna ile. Kama Idrissa angekuwapo na saa yake angelia. Alikata mbuga ambayo matope yake yanashika mguu hadi kwenye pindi la goti, akaanguka mara mbili, akainuka, anapiga yowe wakati wote hadi sauti ikakatika ikabaki mkwaruzo. Alipofika mahali njia inapopita mkabala na banda, hatua mia tatu hivi kutoka lilipo, alisimama juu ya kichuguu, akapunga mikono yote miwili, akapiga yowe kwa hicho kisauti kilichobaki, akarukaruka.

Akawaona wanainuka. Katika ukungu ule wa mvua aliwaona vizuri kabisa, mmoja, watatu, kundi zima, wakasimama mlangoni mwa banda. Na mikono ikanyooshwa juu.

Mungu wangu, alivyofurahi! Machozi yalimtoka. Alikuwa ameonekana. Ishirini na wawili, wana majembe, wana mabega. Ile boriti kwao ni kijiti tu. Akafanya kama alivyofundishwa tangu utoto na kama baba yake alivyofundishwa. Aligeuka papo hapo, akarudi mbio kwa mkewe.

"Wanakuja," alimwambia alipofika, akipiga magoti majini. Maji yalikuwa yamefika shingoni. "Wameinuka wote. Nimeiona mikono."

"Zefania yupo?"

"Yupo. Wanakuja, Mama Klara. Vumilia kidogo."

Kristina akafumba macho, akatabasamu kidogo, ule mwanya ukaonekana. Alute akaanza tena kuchimba, akitupa tope mlangoni kuzuia maji. Alichimba, akageuka kutazama njia. Akachimba tena, akageuka. Njia ilikuwa tupu. Akajiambia wamechelewa kwenye mbuga, kule kunateleza. Akajiambia mzee Mughwai kaanguka wamesimama kumwinua. Akachimba mpaka kucha mbili zikang'oka. Njia ilikuwa tupu. Akaanza kuwatukana kwa majina, mmoja mmoja, na mama zao.

Kristina akafumbua macho. Alikuwa anasikiliza kitu.

"Baba Klara," alisema polepole. "Kengele."

"Nini?"

"Hujaivua kengele."

Alute akasimama tuli, na kengele ikanyamaza. Akasogea hatua moja, ikalia. Kwa mara ya kwanza katika mwezi mzima akaisikia, na ilikuwa inalia kwa nguvu, hata ndani ya mvua ile, sauti ya shaba inayokwenda mbali. Ililia alipovuka mbuga. Ililia alipokuwa juu ya kichuguu, anarukaruka. Huku yowe lake likifia mdomoni, kengele ilikuwa imewaambia wote walioketi bandani kwamba mambo ni mazuri, Alute yuko mazoezini, waendelee na lao.

Alipeleka mikono mgongoni. Fundo lilikuwa limevimba kwa maji, limekuwa gumu kama mfupa, na vidole viwili havikuwa na kucha. Alivuta, akajikata. Kisha akachota tope kwa viganja viwili, akalishindilia ndani ya kengele hadi ikajaa, akaitikisa, ikanyamaza.

"Nenda," Kristina alisema. Maji yalikuwa yanamgusa mdomo wa chini na alisema akiinua kidevu. "Nenda basi. Mwambie mama, Klara asinyolewe nywele kabla mvua haijaisha, atapata mafua."

Akaenda. Safari hii hakufika hata kwenye kile kichuguu. Walipomwona tu anatokea kwenye kona, mtu anayekimbia kimya, banda zima liliruka. Hakuna aliyenyoosha mkono. Waliona namna anavyokimbia wakaja moja kwa moja, Zefania mbele, na mzee Mughwai nyuma kabisa akiburuta goti lake kwenye tope. Walivuka mbuga kana kwamba ni barabara. Watu wale hawakuwa wavivu wala wabaya, lazima niseme hivyo, maana wako waliosema vingine.

Boriti waliinyanyua mara moja. Waliishika, wakasema moja mbili tatu, nayo ikapanda juu kama haina uzito wowote. Lakini maji yalikuwa yamekwisha kupita lile jiwe la kusagia, na lile jiwe lilikuwa refu kadiri Alute alivyoweza kulipata. Zefania alimtoa dada yake, akamlaza uwanjani kwenye mvua, akamsafisha tope puani na mdomoni kwa kidole, akamwita. Alimwita muda mrefu. Wengine walisimama na majembe yao.

"Nilikupungia," Zefania alisema mwishowe, bila kumtazama Alute. "Ulipokuja mara ya kwanza. Mimi ndiye niliyesema tusimame tumshangilie shemeji, siku kama hii na bado anakimbia. Nikasema, ongeza mwendo, shemeji. Nilinyoosha mkono nikasema ongeza mwendo."

 

Walimzika Kristina kijijini, kwenye makaburi mapya, akiwa wa tatu tu kulazwa pale. Mwenyekiti alitaka kuitisha mkutano kutafuta kosa ni la nani, akaletewa daftari, akasoma kile kilichoandikwa na katibu, akalifunga. Kila kitu kilifanyika kama kilivyokubaliwa. Mughwai alikaa msibani siku zote saba na hakula. Alimwambia Alute, "Mwanangu, mimi ndiye nimemuua, kwa akili zangu hizi za kizee." Alute alimshika mkono, akamwambia, "Shikamoo baba, kula." Ile kengele Zefania aliikata kwa panga, na Alute akaichukua, akaitundika ukutani ndani ya kibanda, na tope lake likakaukia humo humo.

Wengi walidhani hatakimbia tena. Mama yake Kristina ndiye aliyemsukuma. Alikuwa amemweka Klara mapajani, akasema kwa ukali, "Ulimwahidi binti yangu nyumba. Umemwahidi bure?" Basi mvua iliyofuata Alute akatoka. Hakuwa na kengele. Na wanaume wote bandani wakainuka, wakashika majembe, wakamfuata hadi mahame, wakasimama kwenye mvua hadi alipomaliza mara kumi, wakarudi naye. Alijua wanajua kwamba hakuna shida. Siku nyingine akakimbia, wakamfuata tena. Aliwaomba waketi, akawaomba kwa heshima, na Zefania akamwambia, "Shemeji, hilo usituombe." Ndivyo walivyomaliza masika, mtu mmoja anapanda kilima, na ishirini na wawili wamesimama chini na majembe. Hakuna aliyehesabu kwa mawe.

Mwezi wa sita lori likamchukua kwenda Singida, na Zefania akaenda naye. Siku ya mashindano kulikuwa na ule upepo mkavu wa kipupwe unaokata midomo. Walikuwa wakimbiaji arobaini. Kutoka Mwankoko Alute alikaa nyuma kidogo, lakini kwenye kilima cha kwanza aliwapita kumi, cha pili akawapita waliobaki, na aliposhuka kuelekea mjini alikuwa peke yake. Alipita mtaa wa Utemini watu wakipiga makofi milangoni. Idrissa alikuwa kwenye mstari wa mwisho, anatazama saa yake na haamini, anapuliza filimbi bila sababu.

Uwanjani watu walikuwa wameketi chini kwa mamia. Alute alipoingia, zikiwa zimebaki hatua mia tatu hivi, mmoja aliinuka, wakainuka watatu, likainuka kundi zima. Na mikono yote ikanyooshwa juu.

Alute akaiona. Akageuka papo hapo, akaanza kukimbia kurudi alikotoka.

Idrissa alipiga kelele hadi filimbi ikamdondoka. Watu walicheka kwanza, kisha wakanyamaza, kwa sababu yule mtu hakuwa anakimbia kama mtu aliyechanganyikiwa njia. Alikuwa anakimbia kwa kasi kuliko alivyokuja. Wakimbiaji wengine walipishana naye wakashangaa. Akapita Utemini tena, akashika barabara ya kwenda Issuna.

Zefania aliazima baiskeli kwa mtu. Alimkuta nje kabisa ya mji, anakimbia katikati ya barabara, jasho limeganda chumvi usoni, anageuza shingo kila baada ya hatua chache kutazama nyuma.

"Shemeji," Alute alisema alipomwona, na sauti yake ilikuwa na furaha. "Umewaona? Wanakuja?"

Zefania alitazama nyuma. Barabara ilikuwa na vumbi na upepo tu. Akashuka kwenye baiskeli, akamshika mkono ili apunguze mwendo.

"Wanakuja, shemeji," alisema. "Tutembee sasa. Wanakuja."

Wakaanza kutembea kuelekea Issuna, Zefania akikokota baiskeli ya watu.